Mwaka wa Dole Gumba

Tulimzika Mama Anisia siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, na kabla udongo wa kaburi haujakauka nilikuwa nimeshasifiwa mbele ya watu kwa jambo ambalo nusu yake ni uongo. Ilikuwa wakati wa salamu za rambirambi, uani kwake, chini ya turubai la kukodi. Gaudensia, jirani yake wa miaka yote, aliinuka kwa mkongojo akaomba nafasi. Alisema marehemu alikuwa mwanamke wa kwanza pale kijijini kusimama mkutanoni na kudai ardhi, kisha akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Na yule pale ni Mwalimu Leokadia, katoka Ifakara kuja kumzika mwenzake. Huyu ndiye aliyetufundisha kushika kalamu. Mwalimu, simama watoto wakuone." Nikasimama. Vijana waliokuwa wameinamia simu zao waliinua vichwa, wakamwona mama mnene mwenye miwani, wakarudi kwenye simu. Nikakaa. Baadaye niliwekewa wali na kisamvu cha nazi, chakula nikipendacho, na niliomba kifungashio nikaondoka nacho bila kukionja.

Kijiji chenyewe sitakitaja, maana waliokosea wana wajukuu na wajukuu hawana kosa. Kiko upande wa Kiberege. Unaacha barabara kuu, unashuka kuelekea mtoni, na nyumba zinapoanza kuachana unayaona majaruba, vile vipande vya mpunga vilivyozungushiwa matuta. Nilifika pale nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu ambayo ilikuwa haiji. Ofisi ya kijiji ilihitaji mtu wa kuandika mihtasari ya mikutano na kutunza daftari la wakazi, nikachukuliwa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa ghala la mpunga. Kulikuwa na meza mbili, kabati la chuma lisilofungika, mashine ya kupiga chapa iliyopoteza herufi ya *k*, na harufu ya pumba na ya dawa ya panya ambayo hata leo nikiinusa mahali mkono wangu hutafuta kalamu. Herufi ya *k* niliiongeza kwa mkono, kila neno. Kiswahili bila *k* hakiendi popote.

Mtendaji wa kijiji, bosi wangu, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi ninapomkumbuka. Angekuwa katili ningekuwa na pa kuegemeza lawama. Alikuwa mtu mpole, mgeni kutoka mkoa mwingine, mwenye mashati mawili yaliyopigwa pasi kila asubuhi. Alikuwa na redio ndogo aliyoiweka dirishani, na mwaka ule redio ilikuwa na neno moja tu mdomoni: demokrasia. Alilipenda neno hilo. Alikuwa amekwenda semina Ifakara siku tatu akarudi na kabrasha, na kila mtu aliyeingia kuomba barua au kulalamikia ng'ombe waliokula mpunga, alimpa kwanza somo dogo juu ya sauti ya wengi. Mimi nilimwamini. Nilidhani watu wakishapewa nafasi ya kuamua watachagua lililo jema, kama vile jema ni chakula kilichokwisha kupakuliwa, wanasubiri tu kukaribishwa.

Mama Anisia, ambaye jina lake la ubatizo lilikuwa Fides, aliingia ofisini mara ya kwanza mwezi wa nane. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mwembamba, mumewe amefariki mwaka uliotangulia. Mfereji mpya wa umwagiliaji ulikuwa umefika, na majaruba yalikuwa yanagawiwa upya, kila kaya jaruba moja, kwa jina la mkuu wa kaya. Jaruba ambalo yeye na mumewe walilifyeka kwa mikono yao lilikuwa limeandikwa jina la shemeji yake.

"Shikamoo Mtendaji."

"Marahaba, Mama Anisia. Karibu kiti."

Hakukaa. "Nimekuja kuuliza kama mimi nimekufa pia."

Mtendaji alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamweleza taratibu kwamba ndivyo ilivyozoeleka, kwamba jaruba la marehemu hubaki kwenye ukoo, na kwamba shemeji asingemnyima chakula. Mama Anisia alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaonyesha redio kwa kidevu. "Hiyo demokrasia inayosemwa hapo, si ni kuulizana? Basi tuulizane. Uitishwe mkutano, watu waseme kama mjane ni mtu wa kuandikwa." Na Mtendaji, kwa kuwa alikuwa ameyahubiri hayo wiki nzima, hakuwa na pa kukimbilia. Hoja ikaingia kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji: kwamba mjane aandikwe jaruba kwa jina lake mwenyewe.

Mkutano ulifanyika katika darasa kubwa la shule ya msingi. Wanaume walikaa kwenye madawati, wanawake wakatandika kanga sakafuni upande wa dirishani. Mama Anisia alizungumza kwa kifupi na vizuri. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye sauti nene ambaye nyumbani kwake walikula kuku kila Jumapili na kila mtu alijua, hakumpinga hata kidogo. Alisema tu, "Haya, wanaoafiki wanyooshe mikono," akageuka kutazama upande wa wanawake, na waume zao nao wakageuka. Mkono wa Mama Anisia ulikwenda juu. Mingine michache, ya wajane wenzake, ikafuata. Nilimwona Gaudensia ameinua wake mpaka usawa wa bega, kisha ukaingia kwenye kilemba kana kwamba kichwa kilikuwa kinamwasha tangu mwanzo. Nilihesabu, nikaandika. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume mle ndani, na hoja ilianguka.

Nilikasirika kiasi kwamba kesho yake nilimfuata Gaudensia jikoni kwake. Alikuwa anamenya mihogo. Nilimuuliza, kwa ule ujeuri wa mtu asiye na ndoa, alikuwa anaogopa nini. Alinitazama kwa huruma. "Binti, wewe ukitoka mkutanoni unakwenda kulala kwenye chumba chako. Mimi natoka na mtu aliyeniona." Akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha na chumvi. Nikala. Nimefundisha somo la uraia kwa miaka mingi tangu siku hiyo, nimewachorea watoto mihimili ya dola ubaoni kwa chaki za rangi, na hakuna siku niliyowaeleza jambo hilo vizuri kama alivyolieleza Gaudensia kwa kisu mkononi.

Ni Mama Anisia aliyefikiria punje. Alirudi ofisini akasema kama tatizo ni macho, basi kura ipigwe pasipo na macho. Mtendaji aliikubali kwa furaha. Kura ya siri ilikuwa kwenye kabrasha lake la semina, ukurasa wa tatu. Mwenyekiti naye aliridhia, nadhani kwa sababu aliamini kabisa kwamba wanawake walinyamaza kwa kuridhika. Kwa hiyo kabla ya Krismasi tulikutana tena darasani. Ubao wa kuandikia wenye miguu ulisogezwa ukawekwa kama kizuizi pembeni, na nyuma yake ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa. Kila mtu alipewa punje ya hindi na punje ya harage. Ukiafiki unatumbukiza hindi, ukikataa unatumbukiza harage, inayobaki unaondoka nayo. Walipita mmoja mmoja, wazee kwa vijana. Wengine walikaa nyuma ya ule ubao muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na nilidhani wanatatizwa na utaratibu. Sasa nadhani walikuwa wanafurahia kuwa peke yao na jambo lao.

Ndoo ilipomiminwa mezani, meza ilikuwa njano.

Siwezi kuieleza sura ya Mwenyekiti. Niseme tu kwamba alitia mkono kwenye ile njano akaichambua, kama mtu anayetafuta mchanga kwenye mchele. Nje wanawake hawakupiga vigelegele. Walikwenda nyumbani kupika, na jioni ile kijiji kizima kilikuwa kimya kwa namna ya watu wanaojizuia kucheka. Mama Anisia aliniita kwake tukala ugali na samaki, kitoga mkavu aliyemuunga kwa nyanya, na hakuzungumzia kura hata mara moja. Alizungumzia mbegu. Alikuwa anahesabu siku za kupanda.

Siku mbili baadaye nilikuwa mezani, napiga chapa muhtasari, niliposikia sauti nje ya dirisha. Redio ilikuwa imezimwa. Mwenyekiti alikuwa akisema kwamba leo ni wajane, kesho ni wake, na kesho kutwa binti ataolewa kijiji cha Kisawasawa aondoke na shamba la ukoo kwenye sanduku. Mtendaji alijibu kwamba kura ni kura. Mwenyekiti akamuuliza kama anajua barua za kuwasifia watendaji huko wilayani huandikwa na nani. Kisha Mtendaji akaingia, akakaa, akalivuta daftari la mahudhurio la siku ile akawa analifunua kurasa pole pole.

"Leokadia," alisema, "wangapi hapa wamesaini?"

Nilimwambia wote. Walioweza kuandika waliandika majina, wasioweza wakachovya dole gumba kwenye wino, mimi nikaandika jina pembeni.

"Nakuuliza waliosaini. Alama ya dole si saini, ukitazama sana. Hatuwezi kuthibitisha." Hakuniangalia. "Hesabu saini tu. Kama hazitimizi akidi, mkutano haukuwa halali. Hatumdhulumu mtu, tunafuata utaratibu." Akidi ni ile idadi ya watu inayotakiwa ili mkutano uhesabike kuwa mkutano. Alijua, nami nilijua, kwamba bila vidole vya wanawake haitimii. Alipofika mlangoni aligeuka, na kwa sauti ile ile ya upole akasema barua yangu ya kunitambulisha chuoni ameshaiandika, bado mhuri tu.

Hakunitishia. Nimeigeuza siku hiyo kichwani kwa miaka zaidi ya thelathini nikitafuta kitisho na sijakiona. Aliondoka akaniacha na daftari. Nilikuwa na muda wote wa kukataa, dirisha wazi, jua la asubuhi. Nikachukua rula nikapiga mstari juu ya kila dole gumba, mstari safi, maana nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijivunia. Kisha nikaandika kwamba mkutano haukutimiza akidi na maamuzi yake yametenguliwa. Nikaziongeza zile *k* kwa mkono, moja moja.

Tangazo lilibandikwa mlangoni. Wanawake walikuja kulitazama na, kwa kuwa hawakuweza kulisoma, waliniita nje niwasomee. Niliwasomea. Mtu aliuliza nani kaamua, nikasema ni utaratibu kutoka juu. Hapakuwa na juu. Juu ilikuwa mimi na rula. Mama Anisia alisikiliza hadi mwisho, kama kawaida yake, akauliza swali moja: "Kumbe tatizo ni dole?" Nikasema ndiyo. "Basi tufundishe kuandika majina. Mwakani tusaini."

Watu wanaposema niliwatoa ujinga, ndicho wanachokisema. Nilifundisha kwa sababu sikuweza kumtazama usoni na kukataa. Tulianzia jikoni kwake, alasiri, wakiwa wamemaliza kazi za shamba, wanaandika kwa mkaa kwenye sakafu iliyofagiliwa. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, ikabidi washinde mashambani kuamia ndege, nami nikawafuata huko, napanda dungu moja, lile jukwaa la miti la mwamiaji, hadi jingine. Wanapiga kelele ndege wakimbie, wanaandika herufi mbili, wanapiga kelele tena. Gaudensia jina lake lilimtesa. "Mama yangu angeniita Ana," alisema, "ningeshamaliza mwezi wa pili." Tulicheka sana mle madunguni, na hilo nalo linanikera, kwamba ile ilikuwa miezi mizuri kuliko yote ya ujana wangu na ilisimama juu ya kosa langu. Mara kadhaa nilifungua mdomo niseme. Kila mara kulikuwa na ndege.

Mwezi wa saba nilikwenda chuoni. Barua ilikuwa na mhuri. Mkutano ulifanyika mimi nikiwa sipo, na habari zake nilizipata kwa barua kutoka kwa Mama Anisia, herufi kubwa zilizopinda kulia kama mpunga wenye upepo. Ilikuwa barua yake ya kwanza maishani. Iliandikwa hivi: *Mwalimu Shikamoo. Tulikwenda wote. Tulisaini wote. Ajenda yetu haikuwamo. Mpunga umekubali.* Alinipa shikamoo, yeye aliyenizidi umri, kwa sababu nilikuwa mwalimu wake. Niliisoma bwenini nikakunja magoti kitandani, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Kilichofuata ni kirefu na hakina shani. Mwenyekiti alishindwa uchaguzi, wanawake wakiwa ndio waliomwangusha. Aliyemfuata aliahidi kuirudisha hoja, akaingia, akaisahau. Sheria za ardhi zikaja ambazo kwenye karatasi zilikuwa upande wa Mama Anisia, ila karatasi haikupita Kiberege ikashuka mpaka majarubani. Alilima jaruba lake mwenyewe kwa hisani ya shemeji mpaka shemeji akafa, kisha kwa hisani ya mtoto wa shemeji. Watu husema mambo yamebadilika, na ni kweli. Mwenyekiti wa kijiji leo ni mwanamke. Nilipomwona msibani nilifurahi, mpaka nilipomsikia akimweleza Anisia kwamba suala la jaruba la marehemu mama yake ni la ukoo, wakae wayamalize kifamilia.

Anisia sasa ni mtu mzima, ana watoto wanne na mashine ya kushona. Siku ya tatu ya matanga tulikuwa jikoni, yeye akipepeta mchele, na nikamwambia yote. Rula, daftari, mhuri. Hakuacha kupepeta.

"Mama alijua?"

"Sikumwambia."

"Angekugombeza," alisema. "Halafu angekupakulia." Akapeperusha pumba, akachagua kijiwe, akakitupa. "Mimi sikupakulii, Mwalimu. Nimemlazimisha Mwenyekiti aitishe mkutano. Hoja ni kwamba jaruba la marehemu lirithiwe na watoto wote, wa kike wakiwemo. Utakuja, utasimama, utayasema hayo mbele ya watu."

Nilirudi Ifakara, na siku ya mkutano nilikwenda. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi na kuyasoma mara tano kwenye basi. Darasa ni lile lile, limepigwa sakafu mpya. Saa nne tulikuwa watu kumi na tisa. Saa tano tukawa ishirini na saba, Gaudensia na wazee wenzake wa dunguni wakiwa mstari wa mbele, wametangulia kusaini, kila mmoja jina lake kamili. Nje bodaboda zilipita, wasichana walipita na ndoo, mtu alikuwa anauza vocha mlangoni kabisa na hakuingia. Saa sita Mwenyekiti alisimama akasema akidi haijatimia. Nami, niliyewahi kuisema sentensi hiyo kwa uongo, nilihesabu vichwa mara mbili nikakuta safari hii ni kweli. Hakuna aliyekata dole la mtu. Hawakuja tu. Mkutano uliahirishwa kwa wiki mbili, karatasi yangu haijasomwa. Gaudensia aliuliza kwa sauti watoto wetu wako wapi, na swali likabaki pale kwenye sakafu mpya. Nilitaka kumpiga mtu. Sikujua nani.

Kesho yake asubuhi nilimwambia Anisia sirudi Ifakara mpaka mkutano wa pili. Alinipa kanga ya kujifunga, kwa kuwa vumbi ni jingi, tukaanza nyumba kwa nyumba. Ya kwanza walituambia watakuja, kwa lile tabasamu la kutufukuza. Ya pili hapakuwa na mtu. Ya tatu tulimkuta msichana wa miaka ishirini na kitu anakaanga maandazi kibarazani, mtoto mgongoni, mjukuu wa mmoja wa wanafunzi wangu wa dunguni.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kukualika mkutanoni."

"Mkutano wa nini tena, mama?" Aligeuza andazi. "Mimi hayo mambo ya siasa siyawezi. Hata nikienda, mkono wangu mmoja unabadilisha nini?"

Anisia alinitazama. Mafuta yalikuwa yanachemka, mtoto alikuwa anakohoa, na msichana alikuwa ameshatugeuzia bega, anasubiri tuondoke kwa adabu.

"Una kigoda?" nilimuuliza. "Niletee nikae. Mimi nimewahi kuyafuta madole ya wanawake wa kijiji hiki daftarini, na bibi yako alikuwa mmoja wao."

Alisogeza karai pembeni ya moto, akaingia ndani kuleta kigoda.